Msamaha Nilioutoa Mimi

Kazi ya ukalimani katika mkutano wa wanawake wa jamii za asili niliipata kwa sifa za mchungaji wangu, na mchungaji wangu hunisifu kwa jambo moja tu: yeye akisema maneno matano, mimi natoa kumi na moja.

Kanisa letu liko Pinetown, katika jengo lililokuwa kiwanda cha magodoro, katikati ya karakana na maghala. Waumini ni Wakongo na Warundi: wasusi, wauza simu, walinzi wa magari, wachuuzi wa nguo. Watoto wetu waliozaliwa hapa wanakijibu Kiswahili kwa Kiingereza, na mara mojamoja huingia jirani Mzulu kutazama kelele ni za nini. Kwa hiyo mhubiri hawezi kusimama peke yake. Lazima awepo mtu pembeni yake wa kuyageuza maneno, na kwa miaka tisa mtu huyo ni mimi. Siku za wiki nasuka nywele katikati ya mji wa Durban, Jumapili nasimama madhabahuni nimevaa viatu virefu.

Asiyejua hudhani kukalimani kanisani ni kutafsiri. Si kutafsiri. Mhubiri akipandisha sauti, unapanda naye. Akikwama, unamkwamua. Na mtu akija mbele kutoa ushuhuda, akasema mume kaondoka, duka limevunjwa, mtoto kafa, halafu akanyamaza, huwezi kuuacha ushuhuda unaning'inia namna hiyo mbele za watu. Unaufunga. Unasema kwa niaba yake kwamba hata hivyo amesamehe, na utukufu wote anamrudishia Mungu. Watu wanaitikia amina, kwaya inaanza, na mtoa ushuhuda anarudi kwenye kiti chake akiwa ameshukuru bila kujua. Nimewafungia watu wengi ushuhuda wao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika, na mimi kwa ujinga wangu nilidhani hiyo ndiyo alama ya kazi nzuri.

Mratibu wa mkutano alinipigia simu mwenyewe. Alikuwa, kama nilivyokuja kumwona, mwanamke wa shanga za mbao, zile kubwa kama malimao, na aliongea nami polepole kama ninavyoongea na bibi asiyesikia. Aliniuliza kama ninao uwezo wa kubeba maumivu ya mtu mwingine bila kuyabadilisha. Nilimjibu ndiyo, nipo siku zote tatu. Nilidhani anauliza kuhusu mahudhurio.

Mkutano ulifanyika Westville, katika ukumbi ulio jirani na chuo. Wageni walilala nyumba ya wageni kule Morningside na kuletwa kwa gari dogo kila asubuhi. Mimi taxi, basi dogo la abiria la hapa, ilinishusha chini barabarani, nikapanda kilima kwa miguu. Westville hakuna atembeaye kwa miguu isipokuwa mfanyakazi wa ndani, na mbwa wa kila ukuta wanalijua hilo. Nilifika nimelowa jasho, nikavishwa kadi shingoni yenye neno moja la Kiingereza, maana yake sauti. Halikuwa jina langu wala cheo changu.

Wanawake walikuwa kama thelathini. Wengi walitoka kusini huku, pande za jangwa la Kalahari, wachache kutoka misitu ya Kamerun, kila mmoja na mkalimani wake. Mwenye Kiswahili alikuwa mmoja tu, mama mmoja Mtwa, wa wale watu wa msituni, kutoka Kivu, na ndiye niliyepewa.

Nilipoambiwa ni Mtwa, nilikunja uso. Sitajisafisha hapa. Kwetu, Mtwa hatukunywa naye kikombe kimoja. Marehemu mama yangu, mkristo ambaye hakukosa ibada hata siku ya mvua, aliwapa viazi vyao juu ya jani la mgomba, nje, na wakiisha kula jani lilitupwa mbali. Mimi nilikimbia vita, nikavuka nchi nne, nikapoteza vyeti, picha na sanduku zima la nguo. Dharau ya nyumbani ndiyo pekee iliyofika Durban salama. Hapa ninaitwa majina mabaya kwenye foleni na ninalia machozi ya kuonewa, kisha nikasikia nitamkalimania Mtwa nikajiona nimeshushwa hadhi.

Yeye alinitazama toka wigi mpaka viatu. Alikuwa mfupi, umri wa miaka sitini hivi, amevaa sweta ambalo bila shaka alipewa uwanja wa ndege na mtu mwenye huruma. Akaniuliza mimi ni wa wapi. Nikamtajia kwetu.

"Mm," akasema kwa Kiswahili cha kwao, kinachotia ba mahali pa wa. "Najua bale batu."

Basi, ndiyo ilikuwa salamu yetu. Tangu hapo aliniita mtoto, mimi mwenye mvi chini ya wigi. Tulipokwenda kuchukua chai alinivuta mkono na kunieleza alichokuja kufanya. Alisema wenzake wana mengi, yeye ana neno moja tu, na amepanda ndege mara ya kwanza maishani kwa ajili yake.

"Ulibebe vile nitakupa," akaniambia. "Usiliongeze chumvi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hiyo ndiyo kazi yangu.

Siku ya kwanza ilifunguliwa kwa mshumaa. Tuliketi duara, na mratibu akatuomba kila mmoja asijitambulishe kwa jina wala kazi, bali kwa mto unaopita kwao. Wanawake wa Kalahari walitazamana. Nadhani walikuwa wakihesabu ni lini mara ya mwisho waliona mto. Zamu yetu ilipofika, mama aliniuliza wanataka nini, nikamweleza.

"Bambie mto iko kule kwetu," akasema, "na mimi niko hapa."

Nilisimama. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mto wangu unatiririka ndani ya damu yangu, na kila niendako nasikia maji yake yakiniita jina. Ukumbi ukaguna kwa utamu. Mratibu akaweka mkono kifuani. Mama akanitazama kidogo, labda alishangaa sentensi yake fupi imezaa watoto wangapi. Nilikaa chini nimeridhika kabisa.

Mchana ilikuwa zamu ya kubadilishana maarifa. Wanawake walitandaza mezani walivyokuja navyo: mizizi, magome, mbegu, mafuta ndani ya chupa za dawa ya kikohozi. Bibi mmoja wa Kalahari alikuwa na kiazi kimoja kikavu chenye ngozi ya mkunjo. Mama alikichukua, akakinusa, akakikwangua kwa ukucha, akakigusa kwa ulimi, akatema. Kisha akajishika tumbo na kuonyesha kwa mikono mwanamke anayejifungua. Bibi akacheka, akatikisa kichwa, akagonga goti lake. Mama akatoa gome lake mfukoni. Bibi akalitafuna. Waliendelea hivyo saa nzima, wakibishana, wakikubaliana, wakipigana vibao vya mabega, hakuna aliyejua neno hata moja la mwenzake na hakuna aliyeniuliza kitu. Nilisimama pembeni na kadi yangu ya sauti shingoni. Ninapokumbuka sasa, ilikuwa saa pekee katika siku zile ambapo hakuna lililopotoshwa, na mimi ndiye niliyekuwa nimenyamaza. Mratibu naye alikuwa akiandika neno HEKIMA kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya ukutani na kulizungushia duara, kazi iliyomchukua muda mrefu kwa sababu duara halikutoka sawa.

Siku ya pili ndiyo ilikuwa ya haki. Alikuja wakili, msichana Mzulu mwenye kucha fupi na mkoba uliochakaa, asiye na shanga hata moja. Alieleza bila madoido. Kila ushuhuda utarekodiwa, kisha ataandika maelezo ya kila mmoja kwa Kiingereza, na maelezo hayo yataingia kwenye jalada la malalamiko dhidi ya wale waliowafukuza watu katika ardhi zao. Mama aliuliza, kupitia kwangu, kama karatasi hiyo itafika kwa walioushika msitu. Wakili akasema itafika, na mawakili wao watasoma kila neno, na hasa watasoma maneno ya mwisho.

"Basi nimefika mahali pake," mama akasema.

Alipoitwa hakusimama. Alikaa kwenye kiti cha mbele, miguu haigusi chini vizuri, mikono mapajani, na akasema kwa sauti ileile aliyotumia kuomba sukari. Walikuwa wakikaa msituni, yeye na mama yake na mama wa mama yake. Wakaja watu wenye bunduki na karatasi, wakasema msitu ni wa wanyama sasa. Wakatolewa, wakajenga vibanda kando ya barabara, kwenye shamba la mtu, ambako wanafukuzwa kila msimu wa kulima. Mwaka mmoja jirani yake alishikwa na uchungu, mtoto hatoki. Majani ya kumsaidia yako msituni tu. Binti yake akaingia kuyachuma. Mlinzi akampiga risasi akiwa ameshika majani. Yule jirani naye alikufa jioni hiyo, na mtoto tumboni. Baada ya wiki mbili wakaja wakubwa wa hifadhi na chumvi, sabuni na vitenge. Wakaitisha mkutano, wakaleta karatasi inayosema jambo limekwisha na watu wamesameheana. Wanaume wa kwao, mume wake akiwemo, wakaweka vidole. Wakamletea na yeye wino.

"Banaume baliweka kidole," akasema. "Mimi sikuweka. Nimemaliza."

Nilikuwa nimemfuata vizuri mpaka hapo. Niseme ukweli, nilikuwa nimemfuata kwa ustadi. Nilishusha sauti kwenye majani, nikanyamaza kidogo kwenye risasi, ukumbi mzima ulikuwa mkononi mwangu na wawili watatu walikuwa wakifuta macho. Halafu yeye anasema amemaliza. Amemaliza nini? Kidole? Mtu hamalizi ushuhuda kwa kidole. Niliona nyuso zimeinuliwa zinasubiri, kama zinavyosubiri kule Pinetown, na kinywa changu hakikuniuliza ruhusa. Nikasema: wanaume waliweka vidole vyao, lakini mimi leo, mbele yenu, kwa hiari yangu mwenyewe, ninamsamehe aliyemuua mwanangu.

Ukumbi ulisimama. Walipiga makofi, walilia, mratibu alilia zaidi ya wote. Mama aligeuka kunitazama.

"Banapiga makofi ya nini?"

Nikamwambia wamefurahia maneno yake.

"Mtoto amekufa," akasema, "banafurahia?"

Nilijifanya natafuta glasi ya maji.

Nimejiuliza mara nyingi, angekuwa mke wa mchungaji ningethubutu? Angekuwa mama wa kabila langu, mwenye kitenge kizuri na watoto walioko Ulaya, ningemfungia neno lake bila kumwuliza? Kanisani nimewafungia wengi, kweli, lakini sikumbuki hata mara moja kumfungia mtu niliyemwogopa. Nawafungia wanyonge. Mtwa wa watu amepanda ndege na neno moja, na mimi nikaona halitoshi, nikamsaidia, kama mama yangu alivyowasaidia kwa viazi.

Wakati wa mapumziko mratibu alikuja na shali jeupe, akamvisha mama mabegani, akamshika mikono yote miwili na kumshukuru kwa msamaha wake, ambao alisema umemponya hata yeye. Sikujua alikuwa anaumwa nini. Mama alinigeukia apate maana. Nikamwambia anakushukuru kwa kuja.

Kisha akaja wakili. Yeye hakuwa amelia. Aliniuliza, akinitazama machoni, ni sehemu gani mama alipotaja kusamehe, kwa sababu aliona sentensi yake ya mwisho ilikuwa fupi sana na yangu ndefu sana. Alisema nifahamu kwamba mstari huo ukiingia kwenye jalada, upande wa pili watausoma huo tu na kusema mama mwenyewe amefunga kesi. Nilikasirika. Msichana mdogo, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji, ananipima maneno kwa urefu. Nilimjibu kwamba lugha yetu inabana mambo mengi mahali padogo, na kwamba kusamehe kumo ndani. Akaandika. Jioni, saluni, nilimsimulia mteja ushuhuda wote pamoja na mwisho wangu, naye akalia nikiwa nimeshika kitana. Kumbe hata bila madhabahu ninaweza, nikajisemea. Hicho ndicho nilichokwenda nacho nyumbani siku hiyo.

Siku ya tatu ilikuwa ya kutia sahihi. Gari la kwenda uwanja wa ndege lingekuja saa tano asubuhi, na kabla yake kila mama alitakiwa asomewe maelezo yake na kuyaidhinisha. Mratibu alikuwa ameandaa pia tamko la mkutano, limechapwa kwa rangi, na sentensi yake ya kwanza ilimtaja dada wa msituni aliyetufundisha sote kusamehe. Alinipa karatasi za mama na kuniambia nimsomee kwa kifupi tu, muda umekwenda.

Tuliketi mezani, mama, mimi na wakili. Kulikuwa na kibweta cha wino. Mama hakuwa amesoma shule, lakini alikubali kuweka kidole kwenye karatasi hii, kwa sababu hii ni ya kwake. Alikwisha kukichovya kabla sijaanza, akakishika hewani kisiguse nguo. Nikaanza kusoma. Msitu, bunduki, barabara, majani, risasi, chumvi. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kila sentensi. Nikafika mstari wa mwisho.

Ningeweza kuuruka. Hakuna ambaye angejua. Mama hasomi, wakili hasikii Kiswahili, na mratibu alikuwa akitafuta gundi ya kubandikia tamko lake ukutani. Nilikwisha kufungua kinywa niseme ni hayo tu. Kilichonizuia si wema, nawaomba msinipambe. Kilichonizuia ni kidole. Mwaka niliofika nchi hii niliweka changu kwenye karatasi ya ofisi ya wakimbizi, iliyojazwa kwa msaada wa mkalimani, mwanaume wa nchi yangu, mwenye haraka. Nilimweleza nusu saa jinsi kaka zangu wawili walivyouawa uani kwetu. Akasema sawa, nikaweka kidole. Miezi mingi baadaye nikapata jibu la kukataliwa, na mtu akanisomea sababu: kwa maneno yangu mwenyewe nilikuja kutafuta kazi. Yule mwanaume nimemlaani kila ninapokwenda kupanga foleni ya kuongeza muda wa kibali cha kusubiri rufaa, na foleni ile ni ndefu, kwa hiyo nimemlaani vizuri. Sasa nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake, na kilikuwa kinanitosha.

"Mama," nikasema, "hapa baliandika kwamba umesamehe."

Alikirudisha kidole nyuma.

"Nani alisema?"

"Mimi."

"Mu kinywa changu?"

"Mu kinywa chako."

Alichukua pembe ya lile shali jeupe na kufuta wino, polepole, mpaka kwenye ukucha. Wakili alikuwa akitutazama bila kuelewa, lakini kalamu aliiweka chini.

"Banaume ba kwetu baliuza hiyo kwa chumvi na sabuni," mama akasema. "Wewe balikupatia nini?"

Nilichopata ni makofi, na sikuweza kumwambia hivyo.

Aliniuliza kama na mimi nilipoteza mtu kwenye vita. Nikamwambia kaka wawili. Akauliza kama waliowaua niliwasamehe. Nikasema kanisani nilishasema nimesamehe. Akasema hakuuliza kanisa. Nikaanza kuzipanga upya karatasi, na nadhani hapo alinielewa kuliko nilivyotaka.

"Simama," akaniambia. "Pale ulisema. Na sauti ileile."

Nikasimama pale mbele. Watu walikuwa wakifunga mizigo na kupigana picha. Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya madhabahuni, kwamba jana mama huyu hakusema amesamehe. Alisema hakuweka kidole, akasema amemaliza. Msamaha niliutoa mimi. Sikuweza kuufanya uvutie, na kwa mara ya kwanza nilielewa jinsi sentensi isiyo na nakshi inavyomwacha mtu uchi.

Mratibu alikuja mbio na gundi yake mkononi. Alisema labda maneno hayakutamkwa lakini roho yake ilikuwepo, yeye aliihisi, wote waliihisi, na tamko limekwisha kuchapwa. Mama aliniuliza anasema nini. Nikamwambia neno kwa neno, bila kupunguza tamko wala roho.

"Mwambie aniachie hasira yangu," akasema. "Ni ya mtoto wangu."

Nikamwambia hivyo hivyo. Mratibu akakaa. Baadaye nilimwona akichukua kalamu nyeusi na kufuta sentensi ya kwanza ya tamko, nakala moja baada ya nyingine, uso umemvimba kama mtu aliyenyang'anywa zawadi. Yule bibi wa Kalahari, ambaye mkalimani wake alikuwa amemnong'oneza yote, alivuta kiti na kukaa karibu na mama, goti kwa goti.

Wakili akawasha tena kinasa sauti. Mama akasema upya, na mimi nikatoa sentensi moja kwa moja, fupi kwa fupi, bila kushusha sauti kwenye majani wala kunyamaza kwenye risasi. Alipofika mwisho akasema hakuweka kidole, na akaongeza jambo moja ambalo jana hakudhani lilihitaji kusemwa: kwamba hajasamehe. Nikasema hajasamehe. Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alikohoa, na nje dereva alikuwa akipiga honi. Wakili akaandika upya, nikasoma upya mpaka mstari wa mwisho, mama akachovya kidole na kukikandamiza kwa nguvu zake zote, nusura aitoboe karatasi. Kisha wakili akanisukumia mimi fomu ya mkalimani. Nikaandika kwa mkono wangu kwamba katika maelezo ya kwanza niliongeza maneno yasiyokuwa ya mtoa ushuhuda, na nikasaini. Aliniambia asante kwa sauti kavu, na sikustahili yenye maji zaidi ya hiyo. Mratibu hakuniita tena katika mkutano wowote, na mchungaji alipata habari hizi kabla sijafika Jumapili.

Nilimbebea mama mfuko wake mpaka kwenye gari. Ulikuwa na magome, kile kiazi kikavu cha Kalahari na sabuni za nyumba ya wageni. Wenzake walikwisha kupanda. Nilijua sina muda, nikamshika mkono na kumwambia nilichokuwa nimekitayarisha tangu mezani. Nilianza vizuri, nikiwa na mwanzo na katikati, mpaka nilipoona uso wake nikaacha mapambo.

"Nisamehe, Mama."

Alinitazama kama alivyokitazama kile kiazi kabla hajakigusa kwa ulimi.

"Hiyo nitatoa mimi," akasema. "Siku itakuwa iko. Usijipatie."

Akapanda gari, likashuka kilima. Hana simu, na vibanda vya kando ya barabara, kwa habari ninazosikia kutoka kwetu, vilivunjwa tena msimu uliopita. Huu ni mwaka wa pili. Bado sijapewa.